Jina Nililolitaja Getini

Waliokuwepo Jumatano ile kwenye kantini ya kiwanda ni hawa. Mimi, mama wa mfanyakazi, nimekaa kwenye benchi la ukutani, mguu wangu mbovu nimeunyoosha mbele. Binti yangu kitinda mimba, mshonaji wa mifuko, ambaye habari hii ni yake. Mwenzake wa mashine ya jirani, mwanamke wa Iringa, ambaye kwa miaka yote wamekula mchana sahani moja, kwa hiyo na yeye namhesabu mwanangu. Msemaji wa wafanyakazi, Mnyamwezi wa Tabora, mtani wangu kwa kuwa mimi ni Mzaramo wa Kisarawe. Na binti mmoja wa ofisi ya kazi, aliyekuja na meza yake ya kukunja na kompyuta yake ya kufungua kama kitabu. Huyu hakuwa na undugu na mtu yeyote mle ndani. Wengine walikuwa wengi, foleni ilitoka nje mpaka kwenye bomba la maji. Wifi yangu hakuwepo siku hiyo, yeye anaingia Alhamisi.

Majina yao wote ninayo, hata ya wale waliokuwa kwenye foleni. Nyumbani wananiita daftari. Mtu akisahau mtoto wa nne wa jirani yetu wa zamani aliitwaje, ananiuliza mimi. Lakini humu sitaandika hata moja. Jina la mtu lina mwenyewe, na haya yote yalitokea kwa sababu siku moja nilitaja jina la mtu na yeye mwenyewe yupo, ana mdomo.

Kiwanda kipo Kibaha, unashuka Kwa Mathias halafu unaingia ndani kidogo. Kinafuma mifuko ya sandarusi, hii ya kutilia mahindi na sukari. Binti yangu aliingia pale ana miaka kumi na minane, wakampa mashine ya kushona vitako vya mifuko, na kwenye vitako akakaa miaka zaidi ya ishirini. Amesomesha watoto wawili kwa vitako. Nyumba ninayokaa naye sasa, tangu mguu ulipoanza kunisumbua nikahama Kisarawe, imejengwa kwa vitako. Mimi nilikuwa nikiona mtu amebeba mfuko wa mchele begani natazama chini ya mfuko kwanza, kama mshono umenyooka.

Halafu mwenye kiwanda akaleta mashine mpya, inafuma, inakata, inashona kitako yenyewe. Watu wakaanza kupewa bahasha.

Binti yangu hakuniambia. Aliyeniambia ni mwanamke wa Iringa, alipita Jumapili akitoka kanisani, amevaa kitenge cha kwaya.

"Shikamoo mama. Mzima?"

"Marahaba mwanangu. Mzima, mguu tu."

"Na hili la kazini umelipokeaje?"

"La kazini lipi?"

Akaziba mdomo. Binti yangu alikuwa uani anafua, beseni likanyamaza. Mwanamke wa Iringa akasema taratibu, "Tumetolewa mama. Mwisho wa mwezi. Mimi na yeye na karibu mstari wetu mzima."

Nikamwita binti yangu. Akaja anajifuta povu mikononi, hakukaa. Nikamuuliza lini ameipata barua, akasema wiki mbili. Wiki mbili ananiaga asubuhi, anarudi jioni, ananiuliza mguu unaendeleaje! Sikumgombeza. Nilimwangalia mikono ile, kidole cha shahada kina kovu mahali sindano ilipopita mwaka wake wa kwanza, nikashindwa kumgombeza.

Mwanamke wa Iringa ndiye aliyeeleza habari ya meza. Kwamba halmashauri inaleta watu wa ofisi ya kazi, watakaa kantini siku tatu, Jumatano mpaka Ijumaa saa sita mchana. Wanamwandikia mtu wasifu wake, wanahakikisha cheti chake cha utumishi kimekaa sawa, wanamwingiza kwenye orodha. Orodha yenyewe ndiyo kubwa. Kule Kwala kuna kiwanda kipya kinashona nguo za kupeleka nje, kinataka watu wanaojua mashine, na kimekubali kuwafanyia jaribio watu wa kwetu kwanza kabla ya kutangaza. Lakini lazima uwe kwenye orodha. Ijumaa saa sita inafungwa.

"Tutakwenda wote," mwanamke wa Iringa akasema.

"Nenda wewe," binti yangu akajibu. "Mimi sipangi foleni ya kuhurumiwa."

Nikajua anasema uongo. Mwanangu hana maringo ya namna hiyo, huyu ni mtu aliyepanga foleni za maji, za unga, za kliniki. Mgeni alipoondoka nikamwambia leta mchele tuchague. Mikono ikiwa na kazi mdomo unalegea. Tukachagua mchele, yeye ungo wake, mimi wangu, mpaka akasema bila kuinua macho, "Wanasoma kitambulisho kwa sauti, mama. Wanaita jina lililo kwenye kitambulisho."

Hapo nikaelewa.

Nieleze, maana asiye wa kwetu hataelewa. Kabla ya huyu nilizaa watoto wawili, wote walikufa hawajatambaa. Alipokuja wa tatu, mama mkwe wangu akampa jina baya. Jina la kitu kinachotupwa nyuma ya nyumba, ili kifo kikipita kisikie kinavyoitwa, kione hapa hamna cha kuchukua. Ndivyo walivyofanya wazee, na mtoto aliishi, kwa hiyo sikuweza kulalamika. Lakini jina lile lilikwenda naye shule. Mwalimu anaita mahudhurio, darasa zima linacheka, kila asubuhi, miaka saba. Kwenye cheti chake cha darasa la saba lipo, limeandikwa kwa mwandiko mzuri wa wino wa buluu.

Alimaliza shule amechelewa, mkubwa tayari. Tukamweka ndani, akawa mwali. Siku ya kumtoa, shangazi yake, yaani wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ndiye aliyemshika mkono kumleta uwanjani, na yeye ndiye aliyempa jina la ukubwa. Jina zuri, la bibi yao mzaa babu. Kwetu ukishapewa la ukubwa, la utotoni limezikwa. Mtu akikuita nalo amekutukana, na ukoo unamtoza faini, kanga au kuku. Nilimwona binti yangu siku ile anaitwa kwa jina jipya, anageuka kuitika. Sijamwona akigeuka vile tena.

Wiki chache baadaye tukasikia kiwanda kinaandika watu. Nikampeleka mimi. Pale getini palikuwa na kidirisha, ndani yake karani na daftari kubwa. Akauliza, "Jina?" Binti yangu akafungua mdomo. Nikambana kiwiko. Mwali aliyetoka ndani juzi hajibizani na mwanaume mgeni wakati mkubwa wake amesimama pembeni, ndivyo nilivyofundishwa. Nikajibu mimi, nikataja la ukubwa, na la baba yake nyuma. Karani akaandika. Cheti hakuuliza, aliuliza mikono. Tulirudi nyumbani nimejaa furaha, naona nimemfungia lile jina baya mlango.

Kumbe sikulifunga. Miaka ikapita, vikaja vitambulisho vya taifa. Huko karani mwingine akataka cheti cha shule, akanakili kilichoandikwa. Kwa hiyo serikalini mwanangu ana jina moja, kiwandani ana jingine. Kazini hakuna aliyejali, mfuko haumuulizi mtu jina. Ulipokuja wakati wa kuondoka ndipo alipotakiwa aseme yeye ni nani.

Jumatano nikavaa, nikachukua fimbo yangu, nikamwambia tunakwenda. Akasema mama utachoka. Nikasema nitachokea huko.

Binti wa ofisi ya kazi alikuwa mdogo, miwani, nywele kazisuka mistari. Nilimdharau kidogo, nakiri. Nikasema moyoni, huyu atajua nini habari za kutolewa kazini, bado hajamaliza kuzoea kuajiriwa. Lakini nilikaa pale kwenye benchi nikamtazama anavyofanya, nikabadilika. Kila mtu alikuwa akifika mezani, kwenye mstari wa ujuzi anasema hana. Mtu ameendesha mashine miaka kumi na tano, anasema, "Ujuzi sina dada, andika darasa la saba." Binti yule habishani naye. Anaweka kalamu ya risasi chini, anauliza, "Pale kiwandani, kitu gani kikiharibika wanakuita wewe?"

Basi mtu anaanza kusema.

Binti yangu alipofika alisema hana, kama wenzake. Akaulizwa swali lile. Akafikiri.

"Uzi ukiwa unakatika," akasema. "Wanasema mashine mbovu, wanataka kuita fundi. Mimi nasikiliza. Sindano ikikaribia kuvunjika inabadilisha mlio kabla. Nasimamisha, nabadilisha sindano, tunaendelea."

"Mlio ukoje?"

"Unakuwa... kama mtu anayesema na kamasi."

Mtani wangu Mnyamwezi, aliyekuwa anapanga foleni, akacheka kwa nguvu. "Andika hivyohivyo afisa! Mzaramo huyo, hata mashine kwake ni ngoma, lazima aisikilize!"

"Afadhali sisi tunasikiliza," nikamwambia kutoka kwenye benchi. "Nyie mlikuja pwani mmebeba mizigo ya watu, mkaitua, mkasahau njia ya kurudi kwenu."

"Njia naijua bibi, nimekosa wa kunibebea wewe."

Foleni ikacheka, hata binti wa ofisi. Aliandika karibu ukurasa mzima wa kazi za binti yangu. Anatambua kasoro ya mshono kwa kupapasa. Amefundisha wageni kumi na zaidi. Anahesabu mafungu bila kusimamisha mashine. Akamgeuzia karatasi asome mwenyewe kwanza, kabla hajapitisha wino. Binti yangu alisoma polepole, kidole juu ya mstari, halafu akarudi mwanzo akasoma tena. Nadhani hakuwahi kujiona ameandikwa hivyo.

Halafu ikafika zamu ya kitambulisho.

Binti wa ofisi akaingiza namba kwenye kompyuta. Akaangalia kioo. Akaangalia cheti cha utumishi. Nikamwona binti yangu anaikunja pembe ya kanga, anaikunjua. Mtani wangu alikuwa ameinama mezani, sauti yake ile ya kuhutubia mkutano, na mimi nikasema hapa sasa litatoka. Lakini yule binti akaifunika kompyuta nusu, akachukua kikaratasi, akaandika neno moja, akakisukuma kwa binti yangu kimekunjwa.

"Dada, na huyu ni wewe?" akauliza kwa sauti ya chini.

Binti yangu akakifungua, akaitikia kwa kichwa.

Akatuita pembeni, karibu na dirisha la jikoni, mimi na yeye. Akaeleza vizuri. Mtandao unataka jina la kitambulisho lilingane na la cheti cha utumishi. Kama hayalingani, orodhani haingii, na hata mafao yake ya kukosa ajira yatakwama. Inatakiwa hati ya kiapo kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja. Na ili aapishwe, apate barua ya mtendaji wa kijiji alichozaliwa, na ndugu wa upande wa baba athibitishe majina yote mawili mbele ya mtendaji huyo.

"Si mimi mama yake nipo hapa?" nikasema. "Nimemzaa mimi."

"Najua bibi. Wewe utaapa pia. Lakini wanataka na mtu mwingine, aliyekuwepo jina la pili lilipotolewa. Yupo hai?"

"Yupo."

"Leo Jumatano," akasema. "Mimi Ijumaa nafunga saa sita. Nikichelewesha yenu nitakuwa nimeharibu ya wote, kwa hiyo siwezi kuwadanganya kwamba nitasubiri. Fanyeni kesho."

Halafu akauliza, si kwa ubaya, "Lakini ilikuwaje kiwandani akaandikwa hivi?"

Ningeweza kusema karani alikosea, karani mwenyewe keshakufa. Nikasema ukweli. "Nililitaja mimi. Aliulizwa yeye, nikajibu mimi."

Tukatoka nje ya geti. Binti yangu alitangulia hatua kumi, jambo asilolifanya tangu mguu wangu uharibike. Kisha akasimama kunisubiri, akiwa bado amenipa mgongo.

"Mama, siku ile nilitaka kumwambia karani yote mawili. Nilikuwa na cheti mkobani. Nilitaka nimwambie la shule ni hili, la nyumbani ni hili, aandike mwenyewe anavyotaka."

"Sikujua."

"Hukuuliza."

Nilikuwa na majibu mengi ya desturi na adabu, sikuyatoa. Tukatembea.

Jioni ile nikampigia simu wifi yangu Kisarawe. Nikamwambia, "Mwanao katolewa kazini, tunakuja kesho."

"Katolewa tena?" akasema. "Mwali hutolewa mara moja. Nyie huko Kibaha mnawatoa mara mbili, tena anayemtoa ni mwenye kiwanda, hata vigelegele hamna!"

Huyo ndiye wifi yangu. Nikamweleza kilichobaki. Akasema njooni, akakata.

Alhamisi alfajiri tulipanda gari mpaka Mlandizi, pale tukakodi bajaji kuingia upande wa Kisarawe, ile barabara ya vumbi. Tulipoipita reli ya treni ya umeme binti yangu akatazama upande wa Soga, akasema treni inapita karibu hivi lakini haimsaidii mtu wa huku kwenda Kwala kwa saa ya kazi, atalazimika kuamka saa kumi. Nikafurahi kimoyomoyo. Mtu anayepiga hesabu ya kuamka bado anaitaka kazi.

Wifi alikuwa ametangulia ofisini kwa mtendaji, amevaa kanga mpya doti nzima kama anakwenda harusini. Amezeeka kunizidi, lakini mgongo umenyooka. Nilisalimia, akaitikia, akamvuta binti yangu akae karibu yake. Mtendaji alikuwa mwanaume wa makamo, mgeni wa kutoka Singida, mpole, ila ana haraka, na mlangoni walikuwepo watu wanne watano wanasubiri habari za mbolea.

Akaandika mwanzo wa barua, akamgeukia wifi. "Haya bibi. Unamfahamu huyu?"

"Namfahamu. Nimemtoa kwa mikono yangu."

"Anaitwa nani?"

Wifi akataja jina la ukubwa, vizuri, pamoja na la kaka yake.

"Na jina la kwanza? La utotoni?"

Wifi akaitengeneza kanga yake kichwani.

"Bibi, la utotoni?"

"Lile halitamkwi."

"Halitamkwi vipi? Linaandikwa hapa."

"Wewe andika. Mimi silitamki."

"Siwezi kuandika usilolisema. Wewe ndiye shahidi. Sheria inataka ulitaje."

"Sheria yako imeanza lini? Ya kwangu ilikuwepo ofisi hii haijaezekwa," wifi akasema. "Mimi nilisimama mbele ya ukoo nikalizika jina lile. Leo nilifukue mwenyewe, mbele ya watu wa mbolea?"

Mlangoni wakacheka. Mtendaji akaweka kalamu chini. "Basi bibi, nisamehe, barua haitoki."

Nikaona saa ukutani. Nikaiona Ijumaa inakuja na binti wa miwani anakunja meza yake. Nikasema, "Nitalitaja mimi."

Wifi akanigeukia. "Wewe nyamaza. Ulishataja ya kutosha."

Lilinichoma. Na alikuwa na haki. Nikanyamaza kweli, nikaibana fimbo yangu kati ya magoti. Nilimtazama wifi nikajua hatalegea. Wala hakuwa mkaidi. Kwake kulitamka ilikuwa kumvua yule mtoto nguo hadharani.

Binti yangu akasimama. Akashusha kanga mabegani. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini hata wa mlangoni walisikia.

"Mtendaji, niandike mimi," akasema. Akalitaja jina lile baya, lote, kwa herufi, kama mwalimu anavyosomea imla. Akasema, "Nilipewa hilo ili niishi, na nimeishi." Akataja la ukubwa. "Hilo nilipewa na shangazi huyu. Yote mawili ni mimi. Sasa muulize shangazi kama nimesema uongo."

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja wa mbolea alivua kofia, sijui kwa nini, labda joto.

Mtendaji akamwangalia wifi. Wifi alikuwa ameinama. Nikamwambia kwa sauti ndogo, "Wifi, amelitamka. Utamtoza?"

"Mwenyewe hatozwi," akasema. Akainua uso kwa mtendaji. "Hajasema uongo. Ndivyo ilivyo, yote mawili. Leta nibonyeze."

Akabonyeza dole gumba. Mimi nikaandika sahihi yangu, elimu ya watu wazima haikupotea bure. Muhuri ulikuwa mkavu, mtendaji akaupulizia pumzi mara tatu ndipo ukashika. Wifi aliifungua ile kanga yake mpya ya juu akamfunika binti yangu nayo mabegani, kama siku ile ya uwanjani. Mimi nikatoka nje nikasingizia mguu.

Ijumaa asubuhi tukaapa Kibaha kwa wakili ambaye binti wa ofisi alituelekeza, akaandika hati, tukafika kantini saa tano na nusu, foleni imeisha. Binti wa miwani alituona tangu mlangoni, akavuta kiti. Aliingiza yote, akasubiri, kompyuta ikakubali. Akasema, "Sasa unasomeka dada." Binti yangu akamuuliza, orodha itasomwaje? Akamwambia jina la kitambulisho, halafu "ambaye pia anajulikana kama", halafu la pili. Akamuuliza kama anataka aitwe pembeni.

"Hapana," binti yangu akasema. "Yasomwe yote."

Saa sita mtani wangu akapanda juu ya benchi na orodha, sauti yake ile. Alipofika kwake alisita, nilimwona anasita, akamtazama binti yangu. Binti yangu akampa ishara endelea. Akasoma yote mawili. Kuna mtu nyuma alicheka puani. Mwanamke wa Iringa akageuka: "Umemaliza? Haya sogea mbele na wewe usomwe, tusikie la kwako baba yako alilokupa."

Mtani akashuka, akaja kwangu. Nilimsubiri aniletee la kunikejeli, maana Mnyamwezi akipata la Mzaramo halali nalo. Akasema tu, "Bibi, umezaa."

Kwenye jaribio la Kwala binti yangu alifaulu. Alipewa mkataba mfupi kwanza, wakauongeza. Anaamka saa kumi, kama alivyohesabu. Mwanamke wa Iringa macho yalimwangusha, uzi mwembamba wa nguo si sawa na wa mifuko. Sasa anapika wali na maharage pale Kwa Mathias, na binti wa ofisi alimpitia mara mbili kumwandikia mambo ya leseni. Analalamika sana na wali wake mtamu sana. Wako wengine orodhani ambao hawakuitwa mpaka leo, nikikutana nao sijui niwaambie nini, nawauliza habari za watoto.

Mimi na binti yangu habari ya getini hatujaizungumza tena. Ila wiki iliyopita tulikuwa zahanati kwa ajili ya huu mguu, nesi akauliza jina la mgonjwa, binti yangu akafungua mdomo kunijibia kama wanavyofanya watoto wa wazee. Akajizuia. Akaniachia nijibu.

Wifi yangu anasema nimekosea, kwamba hakusema "Mwenyewe hatozwi", alisema "Huyu hatozwi", na kanga haikuwa mpya. Mtani anadai alisoma orodha bila kusita hata kidogo. Wapo watu wa foleni ile na wale wa mbolea, na huenda wako watakaosoma hapa. Kama ulikuwepo na unaikumbuka vingine, siku, saa, neno la mtu, hata hiyo kanga, njoo uniambie au mtume mtu, nitafuta niandike upya. Ninatumia kalamu ya risasi.